"Kuli": Neno Lisilofaa Kusafishwa

Riwaya ya Germinal, aliyoitoa Émile Zola huko Ufaransa mwaka 1885, yaeleza njaa na mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Katika Kiswahili, kitabu kinachoikaribia ni Kuli cha Adam Shafi Adam, kilichochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, ambacho chahusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Sisi, ambao kazi yetu ni istilahi, twapenda kuuliza jambo moja tu: je, msamiati wa ufukara una haki ya kuingia katika lugha sanifu?

Jibu la mwandishi limo katika jina la kitabu. Kuli ni neno lililotoka Bara Hindi, nalo limebeba dharau ya mwenye mali kwa mbeba mzigo. Afisa angeweza kuandika "mfanyakazi wa bandarini", wala asingekosea. Lakini adabu hiyo yamficha yule ambaye Rashidi, kijana wa riwaya hii, hana budi kuwa: mtu anayethaminiwa kwa mgongo wake tu. Agomaye ni yule yule aliyedharauliwa; neno likisafishwa, mgomo wake wapungukiwa na sababu.

Zola alishikilia kwamba urithi wa damu na mazingira humtawala binadamu. Adam Shafi amwonyesha kuli akijifunza na kubadilika. Hapo ndipo penye nguvu ya riwaya, na ndipo penye udhaifu wake pia: baadhi ya mazungumzo yakaribia hotuba ya mkutanoni, tukamsikia mwandishi zaidi ya kuli. Aelezapo kazi yenyewe, maneno yake ni madhubuti.

Tumchukue msomaji wa Migato, katika nchi ya pamba upande wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Gati na tishali ni maneno ya mbali kwake, na mwalimu hana budi kuyafafanua. Kibarua halihitaji ufafanuzi: nani asiyemjua apaliliaye shamba la mwenziwe kwa ujira wa siku? Neno hilo, lililotokana na kile cheti kidogo alichopewa mtu wa kutwa, lingali hai kwa kuwa hali iliyolizaa ingali hai.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi zilihifadhi neno kuli, na dharau yake ielezwe wazi. Pili, atakayeitafsiri Germinal asianze na orodha za ofisini. Awaendee kwanza waliochimba makaa ya Kiwira na almasi ya Mwadui, asikilize wanaviitaje vyombo vyao, uchovu wao na ujira wao. Nasi watumishi wa serikali, kila tuandikapo "wananchi wenye kipato cha chini", yafaa tujiulize ni nani tuliyemficha.