Bomba, si Mstari Wima

Baadhi ya wafasiri wa miongozo ya kompyuta huiita alama | "mstari wima". Jina hili laeleza umbo na kuficha kazi. Mwaka 1973 Ken Thompson alitia katika mfumo wa Unix wazo la Doug McIlroy: kitokacho katika amri moja kiingie katika amri ifuatayo. Hivyo, tukiandika ls | wc -l, majina ya mafaili hayaonyeshwi kiooni. Huhesabiwa, ikatolewa idadi tu. Mwanafunzi aliyefundishwa "mstari" atakariri alama. Aliyefundishwa "bomba" ataweza kuunganisha amri nyingine mwenyewe. Yapo mabomba ya maji na ya sindano, lakini muktadha watosha kuyatofautisha. Twapendekeza "bomba", "mstari wima" tuwaachie wapiga chapa.