Spoki 36

Pikipiki ya zamani ikifika kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu haiulizwi ilitengenezwa wapi wala ilimbeba nani. Inaulizwa kilo. Honda CG125 iliyomzungusha bwana shamba vijijini miaka nenda miaka rudi ina uzito wa kama kilo 100. Ukishang'oa kiti, tairi na taa, kilichobaki ni hesabu fupi ya kuzidisha. Aluminiamu ya injini inawekwa kando kwa sababu ina bei yake, fremu inapigwa msumeno, na mazungumzo yameisha.

Kijana anayeiwahi pikipiki ya namna hiyo kabla ya mizani, akaisukuma hadi kwao Ilongero na kutangaza kwamba ataifufua kwa mikono yake, ilhali hajawahi kufungua hata kabureta, lazima achekwe. Ilongero si mahali pa kufuga mapambo. Ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, kwenye barabara inayotoka Singida mjini kwenda Mtinko na Haydom, na pikipiki ya hapa inatakiwa iamke alfajiri ikabebe: abiria, gunia la alizeti, tenga la kuku wa kienyeji wa safari ya Dar es Salaam. Majirani watamwambia kwa upole kwamba fedha ya kuifufua angeiongezea kidogo akapata SanLG au Boxer iliyotumika, aanze kuhesabu hela ya siku. Wala hawakosei. Ila kijana huyo hatafuti hela ya siku. Anatafuta kujua kilichomo ndani, na hicho hakiuzwi dukani.

Chombo chenyewe kina nasaba. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliwafikiria watu wa nchi kama hii yetu: barabara za vumbi, mzigo uliopita kiasi, oili inayobadilishwa siku mwenyewe atakapokumbuka. Wakati huo pikipiki nyingine za kampuni hiyo ziliendesha valvu kwa cheni ndogo iliyofichwa ndani ya injini, cheni inayodai matunzo. CG ikapewa fimbo mbili za chuma zinazosukuma valvu kutoka chini, ufundi wa kale uliorudishwa kwa makusudi. Silinda ni moja, kipenyo chake milimita 56.5, na pistoni inapanda na kushuka milimita 49.5. Cheni ya nyuma ilifungiwa ndani ya kasha zima la bati. Ilitengenezwa Japani, ikahamia Brazil, ikaenda Uturuki hadi 2008, na nchini Pakistan inatengenezwa mpaka leo.

Kinachochekesha ni kwamba SanLG inayompita kijana wetu kwa vumbi na dharau ni mjukuu wa CG. Viwanda vya China viliiga injini ile na kuizalisha kwa wingi, na zile fimbo mbili bado zimo. Kwa hiyo akienda duka la vipuri na pistoni iliyochoka mkononi, muuzaji anaweza kumtolea mpya ya pikipiki ya Kichina, wakazisimamisha zote mbili juu ya kaunta, zikalingana. Aliyeokota Yamaha DT125 hana bahati hiyo. Injini yake huchoma oili pamoja na petroli, mafundi wanaoijua wanazidi kupungua, na pistoni yake haina ndugu dukani.

Kabla ya spana kuna karatasi. Pikipiki nyingi za aina hii ziliuzwa kwenye minada ya mali chakavu za serikali na miradi, zikapita mikono mingi, kadi ikabaki kwa mtu asiyejulikana amehamia wapi. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini lazima zifanane na zile za kwenye kadi. Anayeruka hatua hii kwa sababu ya mapenzi atamaliza kazi yake vizuri, aipake rangi, halafu asifike nayo hata Singida mjini.

Darasa la kwanza hutolewa na parafujo. Vifuniko vya injini za Kijapani vimefungwa kwa parafujo zenye msalaba ambao kwa macho ni uleule wa bisibisi ya dukani, na sio. Ncha ya bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini. Inateleza, inakula kichwa cha parafujo, na kijana anabaki akitazama kitundu cha duara mahali palipokuwa na msalaba. Fundi mzoefu huisaga ncha kidogo kwenye jiwe, huikalisha wima, huigonga nyundo moja kavu, ndipo anapozungusha. Lile pigo ndilo linaloamsha kutu. Injini iliyoshika nayo haitaki nguvu: mafuta ya taa au dizeli humiminwa kwenye tundu la plagi, huachwa siku kadhaa, kisha hutiwa gia ya juu na gurudumu la nyuma hutikiswa mbele na nyuma, polepole, kesho na keshokutwa. Siku itakapolegea itasikika. Mwenye haraka huingiza mtaimbo, akavunja pistoni pamoja na matumaini.

Kisha yanakuja magurudumu, na hapo gereji ya bodaboda huwa haina msaada mkubwa. Fundi kijana anajua kubadilisha klachi usiku kwa tochi ya simu, anajua kufunga waya za taa bila mchoro, lakini gurudumu likipinda yeye hununua jingine, na siku hizi rimu nyingi zinakuja zimemwagwa kiwandani kipande kimoja, hazina spoki kabisa. Gurudumu la CG lina spoki 36, 18 kila upande, na wa kumtafuta ni fundi baiskeli. Mzee wa aina hiyo bado anapatikana chini ya mwarobaini, kando ya baiskeli ya Phoenix iliyogeuzwa magurudumu juu, na sanduku lake la mbao lina spoki za miaka ambayo wateja wake wa leo hawakuwa wamezaliwa.

Haanzi kwa spana. Huanza kwa kuzilaza spoki chini na kuzitenga, zinazopita ndani huku na zinazopita nje kule, maana vichwa vyake havikukunjwa sawa. Anayezichanganya atagundua kosa lake mwishoni kabisa. Spoki ya kwanza hupita jirani na tundu la valvu. Ya pili huikata ya kwanza, ya tatu huruka, na kwa muda mrefu mtazamaji haoni gurudumu, anaona fujo ya waya inayoning'inia. Vinati vyote hukazwa kwa vidole kwanza, hakuna kinachotangulia. Halafu, pasipo tangazo, fujo inasimama na kuwa duara.

Duara bado si gurudumu. Mzee hulipachika kwenye ekseli yake katikati ya foku, hulizungusha kwa kiganja, na hushika kipande cha chaki karibu na ukingo wa rimu, mkono ukiwa umeegemea chuma usitetemeke. Penye uvimbe chaki inagusa, inaacha alama. Kwanza anatibu kupanda na kushuka, baadaye ndipo kwenda kulia na kushoto. Ukigeuza mpangilio huo utafanya kazi mara mbili. Upande mmoja unalegezwa robo mzunguko, wa pili unakazwa robo mzunguko. Zungusha, chaki, robo. Kitabu cha Honda kinasema rimu ikiyumba zaidi ya milimita 2 ni mbovu. Mzee hana kitabu, ila ataendelea mpaka chaki ipite duru nzima pasipo kugusa, na milimita 2 atakuwa ameziacha nyuma sana.

Mwisho anagonga. Mpini wa spana unapita spoki moja baada ya nyingine, na kila moja inajibu. Iliyokazwa sawasawa inalia wazi, iliyozidishwa inalia kwa kelele nyembamba, iliyolegea inatoa sauti butu ya sarafu bandia. Kijana, akiulizwa, atasema zote ni sawa. "Sikiliza tena, mwanangu," ataambiwa, na kugonga kutaanza upya. Elimu hii haina njia ya mkato wala video yake haisaidii, kwa sababu spika ya simu inazifanya spoki zote zilie mamoja. Ncha zilizochomoza hupigwa tupa zisitoboe tyubu, utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu huzungushwa juu yake, na mwenye pikipiki huambiwa arudi baada ya siku chache za kuendesha, kwa kuwa spoki mpya hulegea zikikaa. Fundi anayemwambia mteja arudi akague kazi iliyokwisha kulipiwa! Adabu hiyo imekuwa adimu kuliko spoki zenyewe.

Ustadi wa namna hii haukutokana na starehe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, vipuri havikuingia, na miaka ya mwanzo ya themanini ikawa shule kali kwa kila aliyeshika spana. Gasketi zilikatwa nyumbani na bado zinaweza kukatwa hivyo: karatasi ngumu hulazwa juu ya mdomo wa injini, ukingo hugongwa polepole kwa kichwa cha mviringo cha nyundo hadi chuma chenyewe kikate karatasi. Kwa matundu ya bolti huwekwa gololi ya beringi iliyokufa, ikapigwa mara moja, na kiduara safi kikadondoka chini. Shirika la SIDO, lililoundwa 1973 kukuza viwanda vidogo, lilikuja katika nchi ambayo kutengeneza kwa kilichopo hakukuwa jambo geni. Huko Ufipa watu waliyeyusha chuma chao wenyewe katika tanuru ndefu za udongo, karne nyingi kabla ya duka la vipuri. Jembe lililochakaa lilirudi motoni.

Leo kipuri ni rahisi, na urahisi huo umeleta nafuu kubwa. Mwendesha bodaboda anayelea watoto kwa pikipiki moja hawezi kusubiri mzee apige chaki. Tangu kanuni za 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo halali cha kubeba abiria, vijijini kumefikika usiku na mchana, na mama mjamzito wa kijiji cha mbali ana cha kumbeba. Lakini fundi aliyezoea kubadilisha amesahau kupima. Nafasi ya valvu ya CG ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, na kipimo chake ni kijibati kimoja cha bei ndogo. Katika gereji nyingi hakipo. Nati inakazwa kwa mazoea, injini inagonga, mteja anaambiwa ndivyo zilivyo.

Kuhusu kuipamba, kijana wa Ilongero ana njia yake. Vijana wa London wa miaka ya hamsini na sitini waliokuwa wakikusanyika Ace Cafe walipunguza: waling'oa kila kisichohitajika, wakachukua injini ya Triumph na kuipachika kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton, yote kwa ajili ya mwendo. Singida pikipiki haipunguzwi, inaongezwa. Kiti kinarefushwa kwa sponji na rexini ya kushonwa. Mbele zinafungwa gadi za bomba. Nyuma linachomelewa keria pana linalopokea tenga la kuku bila kuyumba, na kuchomelea keria vizuri ni ufundi kamili: likielemea nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi kwenye mchanga na dereva anakwenda chini. Anayeanza akiweza kulifanya keria hilo lionekane lilizaliwa na pikipiki, amepiga hatua kubwa kuliko aliyenunua stika na taa za rangi saba.

Kuna mapambo mengine ambayo ni hasara tupu. Bomba la moshi linatobolewa ili lipige kelele, na kijiji kizima kinaamshwa na mtu mmoja anayekwenda taratibu. Chujio la hewa linatolewa ili injini "ipumue", katika nchi ambayo upepo wa kiangazi unainua mchanga mpaka mlango wa jirani hauonekani. Injini inapumua kweli, inapumua mchanga, na baada ya miezi inaanza kula oili.

Lililoonewa kuliko yote ni kasha la cheni. Wahandisi wa Honda walilibuni kwa ajili ya vumbi, na wenye pikipiki walilitupa wakisema linapiga makelele. Vumbi lilichanganyika na grisi, cheni ikasagwa kama kwa msasa, meno ya sproketi yakapinda, na watu wakazoea kununua seti mpya kila mara, wakaamini cheni ni kitu cha kuisha. Kijana anayeifufua CG atazipata pistoni, ringi, kebo na hata tangi, lakini kasha hilo halipo dukani, kwa sababu pikipiki nyingi za Kichina zilipoiga injini hazikuiga kasha. Itabidi akunjiwe jipya la bati kwa kupima lililooza. Fundi bati wa kulikunja yupo, na mkono wake ni mzuri. Asimfuate Januari tu, maana mwezi huo wote hana nafasi: anatengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni.