Uhakiki wa Istilahi "Kichocheo" katika Kemia ya Atomi Mojamoja

Katika maandishi ya kemia ya Kiswahili, dutu iharakishayo mmenyuko bila yenyewe kutumika hadi kwisha huitwa kichocheo. Istilahi hii imekwisha kuzoeleka. Hata hivyo yastahili kuhakikiwa, hasa katika shule za Annexe na Lubumbashi yote, ambako mwanafunzi huanza masomo kwa Kiswahili kisha huikuta kemia kwa Kifaransa.

Kuchochea ni kusukuma kuni ili moto uwake zaidi. Tena ni kutia watu fitina. Katika maana zote mbili mna nguvu inayotoka nje. Kichocheo cha kemia hakiongezi nguvu, bali hufungua njia nyepesi zaidi. Berzelius, aliyebuni neno katalisi mwaka 1835, alilitoa katika Kigiriki kwa maana ya kufungua au kulegeza.

Upungufu huo wadhihirika zaidi katika vichocheo vya atomi mojamoja. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walieleza jinsi walivyotawanya atomi chache za paladi juu ya shaba, madini yaliyolipa jimbo la Katanga jina lake tangu 1971 hadi 1997. Paladi huipasua molekuli ya haidrojeni; atomi zake huhamia kwenye shaba, ambayo huzishika kwa ulegevu, na hapo huungana na stirini au asetilini bila kupita kiasi kinachotakiwa. Kazi ni ya wawili, ila jina lamtaja mmoja.

Kisha kuna suala la uthabiti. Joto likizidi, atomi huhama, hukutana na kufanya vichembe. Faida ya upweke wao ikapotea. Kwa hiyo, mahali pengine wataalamu huzifunga kwa oksijeni au nitrojeni ya dutu izibebayo. Zikifungwa mno, huenda zikapoteza wepesi wa kutenda. Ugumu wa ubunifu umo katika kipimo hicho, nacho hakisikiki katika kuchochea.

Yaweza kujibiwa kwamba jina si fasili, na kwamba hata neno la Kigiriki halikitaji kibebacho. Ni kweli. Basi kichocheo kibaki, lakini kipewe mwenziwe: kiegemeo, yaani dutu inayoishika atomi. Bila neno hilo, mwanafunzi atajifunza kwa Kiswahili nusu ya jambo, na nusu ya pili ataiacha kwa Kifaransa.