Sifa za Mkono wa Birika

Mwenye huruma nyingi hafai kupewa waridi la jangwani. Atalimwagilia kila jioni, na siku atakapolibonyeza shina, kidole kitazama: limeoza. Mmea huu unamtaka bahili, na Singida, yenye msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya vumbi na upepo, inamfundisha mtu ubahili huo bila ada.

Ghala lake ni shina, lililovimba chini kama mtungi. Masika hulijaza maji. Kiangazi likipukutisha majani, huchanua matawi yakiwa matupu, maua mekundu yenye koo jeupe. Anayetaka kitako kinene aanze na mbegu, kwa kuwa tawi la kupandikiza hushika na kuchanua, ila kitako chake hakinenepi vile. Chungu kiwe na matundu, udongo uwe mchanga wa mtoni na kokoto, samadi kidogo tu. Kila akihamisha chungu, fundi huuinua mmea kidogo, mizizi iliyojificha ikatokeza juu, imenona na kusokotana. Hapo ndipo wajuzi hutazamana. Kipupwe cha Juni na Julai, birika lipumzike.

Kisha kuna utomvu. Kata tawi, unachuruzika, na ndani yake mna sumu inayosimamisha moyo, ya jamii moja na ya oleanda. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Mkalama, ndani ya mkoa huu huu, huuchemsha mpaka unakuwa mzito, wakapaka mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Kwa hiyo unapopogoa vaa glavu, osha kisu, usijipanguse macho, na matawi usiyatupe njia ya mbuzi.

Wapo wanaosema mmea wa namna hiyo usikae kwenye nyumba yenye watoto. Mbona mafuta ya taa tunayo, na dawa ya kuua wadudu wa vitunguu imepangwa stoo? Chungu kiwekwe juu, mtoto aelezwe, basi.

Siku hizi wakulima wa Thailand na Taiwan huchavusha aina moja kwa nyingine, wakapata maua ya tabaka kwa tabaka, rangi mpaka ya zambarau. Kazi safi, siikatai. Lakini kibarazani kwangu naliweka la petali tano, lile lile linaloota lenyewe porini.