Stori ya vifaru tunaisimulia nusu

Ukisoma takwimu lazima utakutana na stori ya vifaru. Vita Kuu ya Pili, majasusi wa Washirika wanakadiria kwamba Ujerumani inatengeneza vifaru 1,550 kwa mwezi. Wanatakwimu wanachukua namba za mfululizo kutoka vifaru vilivyotekwa, wanapiga hesabu, wanasema hapana, ni 327. Vita inaisha, kumbukumbu za Wajerumani zinafunguliwa: Agosti 1942 walitengeneza 342. Makofi. Halafu msimuliaji anamalizia kwamba huo ndio ushindi wa mbinu ya uwezekano mkubwa zaidi, ile ambayo R. A. Fisher aliianza akiwa bado mwanafunzi Cambridge mwaka 1912 na kuipa jina lake mwaka 1922.

Hapo mwisho ndipo ninapokataa. Vifaru ndivyo vinavyoiumbua hiyo mbinu.

Mbinu yenyewe inauliza swali moja: ni thamani gani ya parameta ingefanya data niliyoishika iwe na uwezekano mkubwa kuliko thamani nyingine zote? Swali zuri. Sasa tuseme umeteka vifaru 5, namba zake 14, 37, 52, 81 na 90, na unajua vilihesabiwa kuanzia 1. Jumla ni ngapi? Haiwezi kuwa chini ya 90, maana 90 unayo mkononi. Na kila unapoongeza jumla, uwezekano wa kupata namba hizi tano hasa unapungua, kwa sababu kuna vifaru vingi zaidi ambavyo vingeweza kutekwa badala yake. Kwa hiyo kilele kiko palepale kwenye 90. Mbinu inajibu: 90.

Ebu lifikirie hilo jibu. Linadai umebahatika kuteka kifaru cha mwisho kabisa kutoka kiwandani. Kama kweli viko 90, bahati hiyo ni 5 kati ya 90, yaani mara moja katika mara 18. Na likikosea, linakosea upande uleule siku zote: chini. Haliwezi hata mara moja kuzidisha. Kwa sampuli ya 5, kwa wastani namba kubwa uliyoiona inapungukiwa na karibu sehemu moja ya sita ya jumla.

Kanuni tunayofundishwa kwa ajili ya vifaru inarekebisha pengo hilo: chukua namba kubwa, igawe kwa idadi ya vifaru ulivyoteka, jumlisha na ile namba kubwa, toa 1. Hapa ni 90 + 18 − 1 = 107. Hiyo siyo jibu la Fisher. Tena, ukilinganisha, jumla ya 107 ina uwezekano wa kuzalisha data hii unaofikia asilimia 41 ya ule wa 90. Yaani kilele kipo, lakini mteremko wake ni wa taratibu sana, na mbinu ikikupa kilele peke yake haikuambii habari za mteremko.

Kitu kingine kinachorukwa ni kazi ya mikono. Richard Ruggles na Henry Brodie, walioichapisha habari hii mwaka 1947, hawakukaa na fomula tu. Namba za giaboksi zilifaa zaidi kwa sababu zilifuatana bila kukatika. Za chesi na injini zilikuwa na mchanganyiko. Kwa vifaru vya Panther walitumia magurudumu 64 ya vifaru viwili, na waliwauliza watengenezaji wa Uingereza kalibu moja inatoa magurudumu mangapi. Wakapata 270 kwa Februari 1944. Kumbukumbu zilisema 276. Ukinikatia habari ya kalibu, umeninyima nusu ya sayansi.

Sisemi Fisher atupwe. Sampuli ikiwa kubwa, mbinu yake ni ngumu kushindwa, na pengo la vifaru linayeyuka. Shida ni sisi wa sampuli ndogo, tunaobonyeza kitufe kwenye programu na kunakili namba moja kwenye tasnifu.

Chukua dawa iliyojaribiwa kwa watu 10, na hakuna hata mmoja aliyepata madhara. Uwezekano mkubwa zaidi unasema kiwango cha madhara ni 0. Sifuri kavu! Lakini kama dawa hiyo ingekuwa inamdhuru mtu mmoja kati ya kila wanne, bado kungekuwa na nafasi ya kama asilimia 5.6 ya kuona watu 10 wote wametoka salama. Mgonjwa wa kumi na moja angependa kuiona namba hiyo kwenye jedwali, pembeni ya ile sifuri.