Toroli ya Magurudumu Matatu: Hatimaye Mabega ya Makedi wa Nairobi Yapumue!

Mpe mcheza gofu yeyote wa Nairobi toroli hii kwa raundi moja, halafu jaribu kumnyang'anya! Clicgear 4.0 ina magurudumu matatu, fremu ya alumini na breki, na ina mkono unaopanda na kushuka kumfuata anayeisukuma. Nimeisukuma kwenye nyasi za katikati ya jiji na nikaipandisha vilima vya magharibi. Sitawangojesha hadi mwisho nilitoe neno: ni toroli bora kabisa niliyowahi kuishika, na ukitaka kujua ubora wake, tazama chini, kwenye magurudumu.

Kwanza tuupime mzigo. Kanuni za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba vijiti 14. Tia mipira, maji, mwavuli, koti la mvua na viatu vya akiba, na mkoba utafika kilo 12 au zaidi kabla hujajua. Raundi ya mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane na kitu, na Nairobi imekaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Karen au Kabete, ardhi inazidi kupanda na pumzi inazidi kuwa fupi. Klabu iliyokuja kuitwa Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na tangu zama hizo mzigo huu umekuwa juu ya bega la kedi. Hata Machi 2021, Karen Country Club ilipoandaa mashindano mawili mfululizo ya European Tour, mikoba ile minene ya wachezaji wa kulipwa ilitembea mabegani mwa watu. Televisheni hupenda picha hiyo, na sisi wachezaji wa Jumamosi tunaiiga bila sababu yoyote ya maana.

Sasa tuifungue! Ikiwa imekunjwa, ina urefu wa sentimita 60 hivi na uzito wa kilo nane na ushee. Unafyatua komeo, unauinua mkono, miguu ya nyuma inatanuka, unalitoa gurudumu la mbele, unabana. Basi! Mkoba unakaa juu yake, kamba mbili zinaushika juu na chini, na hapo uko tayari kwa shimo la kwanza. Mara ya kwanza vidole vitatafuta njia, lakini vikishaizoea hata hutazami.

Na magurudumu! Hapa ndipo nilipotekwa. Mji wetu una udongo wa namna mbili, na toroli isiyoweza zote mbili haitufai. Magharibi na kaskazini, kuanzia Kabete hadi Karen, kuna udongo mwekundu unaokunywa maji vizuri lakini unaoteleza ukilowa. Ukishuka kuelekea nyanda za Lang'ata unakutana na udongo mweusi, ule unaovimba na kunata mvua ikinyesha, kisha ukapasuka nyufa jua likirudi. Gurudumu jembamba huuchimba udongo huo na kuubeba. Baada ya hatua chache unakokota tope. Gurudumu pana na kubwa hupita juu, kwa sababu uzito wake unaenea kwenye eneo kubwa zaidi. Nililipeleka kwenye nyasi zilizolowa, likaacha alama hafifu tu na kuendelea. Raha iliyoje!

Tena matairi yake hayajazwi upepo. Mtu wa Karen au Lang'ata anajua thamani ya jambo hili, maana kule ua wa kayaba ni kila kona na migunga haikosi. Mwiba mmoja wa kayaba unatosha kuitia pancha tairi ya baiskeli, sembuse ya toroli. Matairi haya hayana pumzi ya kutoka. Unapita ukingoni kutafuta mpira uliopotea na moyo wako umetulia.

Mbona matatu, na si mawili kama toroli za zamani za kuvuta? Kwa sababu toroli ya magurudumu mawili inakudai mkono mmoja nyuma raundi nzima, bega limepinda, na sehemu ya uzito inaning'inia kwenye kiganja chako. Wasukuma mikokoteni wa soko la Marikiti wanaijua siri hii kuliko wauzaji wote wa vifaa vya michezo: mzigo ukikaa juu ya ekseli, kazi ya mikono ni kuongoza tu. Toroli hii imejengwa hivyo hivyo. Mzigo unabebwa na magurudumu, nawe unatembea wima, vidole vikigusa mkono wake taratibu. Uking'amua kwamba inaelekea upande, kuna kirekebishi cha gurudumu la mbele. Unakizungusha kidogo na mstari unanyooka.

Breki yake ni jambo la kushangilia. Viwanja vyetu vya magharibi vina miteremko, na toroli isiyo na breki ikiachwa mlimani huenda yenyewe, mara nyingi kwenye banka au majini. Hapa unabana breki, unachagua kijiti, unapiga, unarudi na kuikuta pale pale. Iegeshe pembeni, nje ya grini, upande wa kuelekea shimo linalofuata. Kikundi kilicho nyuma yenu kitawashukuru.

Vipi kuhusu usafiri? Swali hili ni muhimu kwetu, kwani si kila mcheza gofu ana gari kubwa. Nimeiingiza kwenye buti la Vitz pamoja na mkoba, baada ya kukunja kiti kimoja cha nyuma, na mlango ukafungika. Kwa anayekwenda Kenya Railway Golf Club, pale kando ya reli na majengo ya Upper Hill, mwendo kutoka steji ya Railways ni mfupi, na toroli inajibeba yenyewe: ifungue, pakia, sukuma. Kwenye matatu ya 111 ya Ngong Road au 24 ya Karen, ikunje na umwombe kondakta mapema, saa ambazo gari halijajaa. Toroli peke yake haisumbui; mkoba mrefu ndio unaotafutiwa pa kusimama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana neno hili ndilo lililonifanya niandike. Nairobi, anayesukuma toroli mara nyingi ni kedi. Basi kwa nini mkono wa toroli upimwe kwa kimo cha mwenye mali? Dukani, watu hujipima wenyewe, wakalipa, wakampa kedi kifaa kinachomlazimisha kuinama kwa saa nne. Mkono wa toroli hii unarekebishwa kwa pembe, kwa hiyo anayesukuma auweke karibu na kiuno chake, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Wapo wanaohofu kwamba toroli itamnyang'anya kedi kazi. Toroli haisomi mteremko wa grini! Haijui upepo wa alasiri wala mahali mpira wako ulipozama kwenye nyasi ndefu. Kedi ndiye anayejua, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kwenye kazi hiyo hiyo. Akipunguziwa kilo 12 begani, akili yake inabaki kwenye mchezo, naye anafika shimo la 18 akiwa na nguvu za kukushauri.

Kabla hujatoa pesa, linganisha. Toroli ya magurudumu mawili ni nyepesi na nafuu, na kwa anayecheza mashimo tisa kwenye uwanja tambarare inatosha. Ile ya umeme hupanda mlima yenyewe, lakini ina betri ya kuchaji na uzito wa kuinua kila unapoitia garini. Fremu ya chuma hutengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea, kuanzia Kamukunji hadi vibanda vya Ngong Road. Ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu, ila ikivunjika inahitaji fundi mwenye vifaa vya kuchomelea alumini, na hao ni wachache. Kwa hiyo uliza vipuri kwanza: gurudumu, kamba, komeo la kukunjia. Muuzaji asiyeweza kukuambia vipuri vinapatikana wapi, mwachie mali yake.

Ukinunua iliyotumika, inyanyue na uzungushe kila gurudumu kwa kidole. Likitikisika ubavuni, ekseli au beringi imechoka. Ikunje na kuifungua mara kadhaa, bana breki ukiwa mlimani, kisha isukume bila mzigo kwenye sakafu iliyo sawa uone kama inakwenda moja kwa moja. Na baada ya kila raundi ya msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, ioshe tope kabla halijakauka kwenye maungio.

Uamuzi wangu? Kwa anayecheza raundi kamili kila wiki kwenye viwanja vya magharibi, chukua ya magurudumu matatu mapana, matairi yasiyo na upepo, breki na mkono unaorekebishwa. Clicgear 4.0 ina yote manne. Lakini siku ya kwenda dukani usiende peke yako: nenda na kedi wako, aishike yeye kwanza, aisukume yeye, na akisema inamfaa, lipa.