Kadi ya Shosho na Padre wa Bomba

Shosho alipofariki, mzee wa kanisa hakuuliza alikuwa anaugua nini. Aliuliza kadi iko wapi. Ile kadi ya mchango, yenye miezi kumi na miwili na nafasi ya sahihi kando ya kila mwezi. Kadi ya Shosho ilikuwa tupu karibu yote, maana miaka yake miwili ya mwisho aliimaliza kitandani. Pasta alikuja, akanywa chai, akaangalia sakafu, akasema yeye binafsi hana shida na mama, lakini kuna utaratibu. Tukachanga. Kadi ikajazwa yote siku moja, kwa kalamu moja, na Shosho akazikwa na nyimbo zake.

Yule pasta nilimchukia miaka mingi. Halafu nikasoma The Poor Christ of Bomba.

Riwaya hii ya Mongo Beti wa Kamerun ilitoka kwa Kifaransa mwaka wa 1956. Imeandikwa kama shajara ya Denis, kijana anayemtumikia Padre Drumont, mkuu wa misheni ya Bomba. Padre amekaa huko miaka mingi, amejenga, amebatiza. Watu wa Tala amewaadhibu kwa kutowatembelea miaka mitatu, akidhani watamlilia. Anarudi, na wapi! Watu wanaendelea na ngoma zao.

Wengi hukisoma kitabu hiki ili kumcheka mzungu, na kweli kinachekesha, hasa Zacharie mpishi anapofungua mdomo. Lakini mimi naona ni kitabu kuhusu ofisi. Drumont si mtu mbaya. Ni kiongozi wa mashinani ambaye kazi imemgeuza karani. Anajua nani hajalipa mchango, na asiyelipa ananyimwa sakramenti. Anajua nani ameoa wake wawili. Kile hajui ni kinachotendeka katika sixa, nyumba iliyo ndani ya misheni yake mwenyewe, ambako wasichana wanaongoja ndoa ya kanisa hukaa miezi wakifanya kazi bila malipo. Katekista anayeisimamia ameigeuza biashara ya miili yao. Ugonjwa wa kaswende umeenea. Padre ndiye wa mwisho kujua.

Inawezekanaje? Mongo Beti anajibu bila kuhubiri: hesabu zilikuwa sawa. Nyumba ilijaa, kazi ilifanyika, ndoa zilifungwa. Mambo yakionekana sawa kwa daftari, nani ataenda kubisha mlango?

Kuna pia Vidal, bwana mkubwa wa serikali ya kikoloni, anayepanga kupitisha barabara Tala kwa kazi ya kulazimishwa. Anamwambia Padre, kama mtu anayempa habari njema, kwamba mateso hayo yatawaleta watu kanisani. Hapo Drumont anashtuka. Anaona kumbe yeye na Vidal wanafanya kazi moja, meza mbili tofauti. Kwangu hapo ndipo kitabu kinauma zaidi.

Lakini nina ugomvi na Mongo Beti. Wanawake wa sixa wanazungumza kwa kirefu mara moja tu, wakati wa uchunguzi, tena baada ya viboko. Ushuhuda wao unatufikia kupitia kalamu ya Denis, kijana ambaye bado anamwabudu Padre. Kwa hivyo hata riwaya inayokemea ofisi inawaweka wanawake ndani ya faili. Tunajua walichotendewa. Walichotaka hatuambiwi sana. Labda mwandishi alitaka tuone hilo pengo, labda hakuliona. Nimekisoma mara mbili na bado sijaamua.

Mwishowe Drumont anafunga virago na kurudi Ulaya. Pasta wetu hakuwa na Ulaya ya kurudi. Alikuwa na kiasi cha pesa cha kupeleka makao makuu kila mwaka, na barua ya uhamisho ambayo ingeweza kufika wakati wowote. Simsamehi, bana, lakini siku hizi namwelewa. Angeweza kumtembelea Shosho hata mara moja katika ile miaka miwili. Hakuna fomu iliyomwuliza kama alienda.

Na kwenye ripoti ya mwaka ule, Shosho alikuwa mshirika asiye na deni.